Simu ya Upepo na Vituo vya Sikukuu: Habari za Nchi ya Nachingwea na Ruangwa

Katika kitabu cha jubilei watu hutazamia kusoma habari za waliotangulia: nani alijenga, nani alifundisha, kengele ya kwanza ililetwa na nani. Habari hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi twataka kuandika juu ya jambo ambalo wasomaji wetu labda hawakulitazamia, nalo ni simu ya upepo, ndiyo redio, na namna ilivyozihusu nchi hizi za Nachingwea na Ruangwa tangu siku za vita hata leo. Hasa twataka kueleza desturi moja njema iliyoenea duniani: watu wenye sikukuu yao huweka kituo cha redio kwa siku chache, wakaita, na mwenzao ye yote asikiaye katika nchi yo yote akawaitikia. Walimu twawaomba wasome hata mwisho, maana tuna neno nao.

Jambo hili si geni kwa jubilei kama linavyoonekana. Neno lenyewe asili yake ni la Kiebrania, yobel, ndiyo pembe ya kondoo dume iliyopigwa katika nchi yote kutangaza mwaka wa hamsini. Na wazee wetu walilijua jambo hilo bila kufundishwa na kitabu. Ngoma ya msiba haikuwa ngoma ya unyago, na mtu aliyeisikia kutoka bonde la pili alijua kama yampasa kwenda na jembe la kuchimbia kaburi au kwenda na kikapu cha unga. Sikukuu na msiba vyote viwili huanza kwa mwito. Basi tuulize: mwito wa nchi yetu umefika wapi, na ni nani aliyeuita?

MJUMBE WA MIGUU

Mwezi wa Septemba 1882 Wamagwangwara, ndio Wangoni, waliishukia Masasi, wakachoma nyumba na kuchukua watu mateka. Makao yale yalikuwa na umri wa miaka sita tu, maana ni mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere alipowafikisha hapo watu waliokombolewa utumwani. Waliopatwa na msiba ule hawakuwa na njia ya kuomba msaada ila miguu ya mjumbe, katika njia ya msituni ishukayo pwani. Na hata mjumbe afike, na barua ivuke bahari kwenda Unguja, na jibu lirudi, mateka walikuwa wamekwisha kuwa mbali.

Twakumbusha habari hii kwa sababu ndiyo kipimo chetu. Mtu asiyeujua ukimya ule hawezi kuijua thamani ya kuitikiwa.

SIMU YA UPEPO SIKU ZA VITA

Tarehe 12 Desemba 1901 Guglielmo Marconi, akiwa katika kisiwa cha Newfoundland, alisikia nukta tatu za herufi S zilizotumwa kutoka Poldhu katika Uingereza, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, pasipo waya. Kabla ya miaka 13 kutimia chombo hicho kilikuwa kimefika pwani yetu, na Wadachi walikuwa na mnara wake Dar es Salaam. Vita Kuu ilipoanza, mnara huo ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kutafutwa na adui. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Waingereza iitwayo Astraea iliupiga mji mizinga kwa ajili yake.

Kadiri vita ilivyoendelea, jeshi la Wadachi chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilisukumwa kusini, na mitambo mikubwa ya kutumia habari ikapotea. Walibaki na vyombo vya kusikilizia. Hali ya hewa ikiwa njema waliweza kuusikia mtambo mkubwa wa Nauen, karibu na Berlin, lakini kujibu hawakuweza. Walikuwa kama mtu asikiaye hodi mlangoni, wala hana ulimi wa kusema karibu.

Mwaka wa 1917 vita ikaingia katika nchi yetu yenyewe. Mwezi wa Oktoba Ruponda, iliyo katika wilaya ya Nachingwea ya leo, ilitwaliwa na majeshi yaliyotoka Kilwa. Tangu tarehe 15 hata 18 ya mwezi ule ule ilipiganwa vita ya Mahiwa, katika njia ya Lindi, ambako zaidi ya askari 2,000 wa upande wa Waingereza waliuawa au kujeruhiwa. Kisha Wadachi wakarudi nyuma kwa Chiwata na Nambindinga, wakielekea mto Ruvuma. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile yote, kwa njaa, kwa tumbo la kuhara na kwa uchovu, na watu wa vijiji walitozwa chakula na pande zote mbili.

Katika siku hizo hizo, jambo la ajabu lilikuwa njiani kuja kwetu. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo cha kuruka kiitwacho L 59, kilichojazwa gesi na chenye urefu wa zaidi ya meta 220, kiliondoka Jamboli katika nchi ya Bulgaria. Kilichukua watu 22 na shehena ya tani 15 hivi: risasi, bunduki za mtombo, dawa na vitu vingine vya jeshi. Kilikusudiwa kutua katika nchi ya juu ya Makonde, wala hakikutazamiwa kurudi tena. Kitambaa chake kingekatwa mahema, na mifupa yake ya madini mepesi ingesimamishwa iwe minara ya simu ya upepo. Tuangalie jambo hili: mnara wa simu ya upepo ungalisimama Makonde mwaka ule kwa mifupa ya chombo kilichotoka Ulaya.

Haukusimama. L 59 kilivuka bahari ya kati, kikapita juu ya jangwa la Misri, hata kikafika katika nchi ya Sudani, magharibi ya Khartoum. Huko, usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba, kilipata habari kwa simu ya upepo kutoka kwao: rudini. Berlin walikuwa wamesikia kwamba nchi iliyokusudiwa karibu yote imekwisha kutekwa. Chombo kikageuka, kikafika Jamboli tarehe 25 baada ya kuwa angani saa 95 na kusafiri kilometa 6,757. Siku hiyo hiyo ya tarehe 25 Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka mto Ruvuma kuingia nchi ya Wareno.

Tufikiri. Habari kubwa ya nchi hii ilisemwa hewani, ikaamuliwa hewani, ikafutwa hewani. Wala hapana mtu wa Ruponda au wa Mnacho aliyeambiwa neno lo lote. Sauti zilipita juu ya vichwa vyetu kama ndege wa kuhama.

Na mwisho wa vita ulikuja vivyo hivyo. Amani ilifanywa Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amefika Rodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, alipata habari tarehe 13, tena kwa sababu watu wake walimkamata mjumbe wa Waingereza aliyechukua barua. Siku mbili zilipita ambazo watu walikuwa bado maadui, na amani imekwisha kuwapo. Mtu akiuliza faida ya kufikiwa na habari kwa wakati wake, na akumbuke siku mbili zile.

SIKU ZA KARANGA

Kizazi kimoja kilipita, na jina la Nachingwea likasikika tena ng'ambo. Mwaka wa 1947 Waingereza walianza ule mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya mahali patatu palipochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Mashine za kung'oa miti zikaletwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandikwa kutoka pwani. Jina la mji wetu likatajwa katika baraza la Bunge la London na katika magazeti. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukavunjwa, na hasara ilikuwa zaidi ya pauni milioni 36. Reli nayo ilifungwa mapema katika miaka ya 1960.

Hatutaki kurudia hesabu ya karanga, wengine wameiandika. Twataka kusema neno moja tu. Mara ya pili nchi yetu ilisemwa mbali, na waliosema walikuwa wageni, na walipoondoka maneno yao yaliondoka nao. Katika siku zile watu wa redio wenye leseni katika Tanganyika walijulikana hewani kwa majina yaanzayo na VQ3. Baada ya uhuru herufi za nchi yetu zikawa 5H. Herufi hizo ni zetu. Swali ni kama twazitumia.

REDIO YA RIDHAA NI NINI

Hapa yafaa tueleze. Redio zinazojulikana na wengi ni zile za kutangaza: mtu mmoja husema, na watu elfu husikiliza, wala hawawezi kumjibu. Lakini tangu mwanzo walikuwako watu wengine waliojenga vyombo vyao wenyewe nyumbani, wakazungumza na wenzao wa nchi za mbali pasipo mshahara wala biashara. Kazi yao huitwa redio ya ridhaa, maana huifanya kwa hiari na kwa kupenda elimu. Vyama vyao viliungana duniani mjini Paris tarehe 18 Aprili 1925, na siku hiyo hukumbukwa kila mwaka. Mwaka wa 2025 walitimiza miaka 100, wakaiadhimisha kwa kuitana hewani.

Miongoni mwao wamekuwamo watu wa kila namna: wakulima, mafundi, watawa, hata wafalme. Sultani Qaboos wa Oman, nchi yenye ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, alikuwa na jina lake la hewani, A41AA, na chama cha kifalme cha redio ya ridhaa kilianzishwa huko mwaka wa 1972. Padre Maximilian Kolbe wa Poland, aliyeanzisha redio katika monasteri yake mwaka wa 1938, akafa mahali pa mwenzake katika kambi ya Auschwitz tarehe 14 Agosti 1941, huhesabiwa na wengi wao kuwa mwombezi wa kazi hii.

Kila mtu wa redio ya ridhaa hupewa na serikali yake jina la mwito. Herufi za mwanzo zaonyesha nchi: 5H na 5I ni Tanzania, 5Z ni Kenya, 5X ni Uganda. Zifuatazo ni zake mwenyewe, na katika dunia nzima hapana mwingine mwenye jina hilo.

KITUO CHA SIKUKUU

Sasa twafika kwenye kiini cha habari. Watu wanapokuwa na jambo la kukumbukwa, kama kutimia kwa miaka mingi ya mji, ya shule, ya hospitali au ya kanisa, huomba jina la mwito la pekee, la siku chache tu. Kanuni za redio za dunia zakubali jina hilo hata likiwa refu kuliko desturi, kwa kuwa ni la muda. Waingereza huanza majina ya namna hiyo kwa herufi GB. Wamarekani hutoa majina mafupi kabisa, herufi moja, tarakimu moja, herufi moja. Mara nyingi tarakimu za jina huonyesha idadi ya miaka inayoadhimishwa, hata asikiaye hujua ni jubilei kabla hajaambiwa.

Mifano ni mingi. Kila mwaka mwezi wa Aprili, siku ya Jumamosi iliyo karibu na tarehe aliyozaliwa Marconi, vituo huita kutoka mahali alipofanya kazi. Mwaka wa 2012 vituo viliwekwa kukumbuka miaka 100 tangu meli Titanic ilipozama, kwa heshima ya wale watu wawili wa simu ya upepo walioendelea kuomba msaada maji yakipanda. Maskauti nao wana mkutano wao wa hewani, ulioanza Mei 1958 kwa shauri la Leslie Mitchell wa Uingereza, nao hufanywa kila mwaka mwezi wa Oktoba. Mwaka wa 2007, uskauti ulipotimiza miaka 100, majina ya pekee yalisikika kutoka nchi nyingi. Mwanzilishi wake, Baden-Powell, amelala Nyeri katika nchi ya jirani zetu wa Kenya.

Katika Tanzania wageni wapendao kazi hii huja hasa Unguja, maana kati yao kuna desturi ya kuvitafuta visiwa, na Unguja ina namba yake katika orodha ya visiwa vya dunia, AF-032. Lakini hata sisi wa bara ya kusini tuna namba yetu, ingawa wachache waijua. Watu wa redio wameigawa dunia katika vipande vya mraba, kila kimoja na herufi mbili na tarakimu mbili. Kipande chetu huitwa KH99. Ndani yake imo Nachingwea, imo Ruangwa, imo Masasi, imo Ruponda na Mahiwa. Lindi imetoka kidogo upande wa kaskazini, na Mtwara imetoka upande wa mashariki. Wako watu ng'ambo wanaovikusanya vipande hivi kama mtoto akusanyavyo stempu, na mtu akiita kutoka KH99 watamkimbilia.

NAMNA YA KUITA NA KUITIKA

Mwenye kituo hutanguliza kusikiliza. Akiona njia ni tupu, huuliza kama kuna anayeitumia. Asipojibiwa, huita: CQ, maana yake mwito kwa wote, kisha jina lake. Hulitamka kwa maneno yaliyokubaliwa na dunia yote ili herufi zisichanganyike. N ni November, R ni Romeo. Basi jina la Nachingwea huanza kwa November, na la Ruangwa kwa Romeo.

Asikiaye hutaja jina lake mara moja, akanyamaza. Mwenye kituo hulirudia jina hilo na kutoa hesabu ya usikivu. Tarakimu ya kwanza, tangu 1 hata 5, yaonyesha kama maneno yafahamika; ya pili, tangu 1 hata 9, yaonyesha nguvu ya sauti. Tano tisa ni njema kabisa. Mwingine naye hutoa yake, wakaagana kwa 73, ndiyo salamu ya heshima, kisha mwenye kituo humwita anayefuata.

Kituo cha sikukuu kikiwa na jina la tamaa, watu huita kwa wingi pamoja, kama watoto wakimzunguka mwalimu mwenye daftari zilizosahihishwa. Hapo ndipo adabu huonekana. Mwenye kituo stadi hushika herufi mbili alizozisikia, akamwita mwenye herufi hizo peke yake, na wengine hungoja zamu. Aitaye juu ya mwenzake hupoteza wakati wa wote. Mtu hodari na mtulivu aweza kuwaitikia zaidi ya watu 100 katika saa moja, na kila mmoja akaenda zake ameridhika.

Yote huandikwa katika daftari: jina, tarehe, saa, kipimo cha mawimbi na hesabu ya usikivu. Saa huandikwa kwa saa ya dunia, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mwalimu atapenda kujua kwamba mtu ahesabuye saa kwa Kiswahili huongeza tatu tu. Saa tatu asubuhi kwetu ni 0600, na saa sita mchana ni 0900.

Baadaye hupelekwa kadi, na hiyo ndiyo hati ya ushuhuda. Upande mmoja ina picha au maneno ya sikukuu. Upande wa pili imeandikwa kwamba siku fulani, saa fulani, tulisikilizana. Siku hizi wengi huthibitisha kwa intaneti pia, lakini kadi haijafa. Iko nyumba ng'ambo ambamo kadi ya sikukuu ya watu wa mbali imetundikwa ukutani miaka hamsini, na watoto wa nyumba hiyo wamejifunza kwa kadi ile kwamba mji fulani uko duniani.

Mtu atauliza, sauti yafikaje huko? Juu sana angani kuna tabaka la hewa ambalo jua hulitia umeme, na mawimbi mafupi yakiligonga hurudishwa chini mbali, kama mpira ukigonga dari. Kwa hiyo kituo cha nguvu ndogo chaweza kusikika Ulaya kuliko wilaya ya jirani. Jua nalo lina majira yake ya miaka 11 hivi; likiwa na madoa mengi, mawimbi mafupi zaidi husafiri vizuri. Waya wa kutumia habari katika mawimbi ya meta 20 una urefu wa meta 10 tu, umekatwa katikati, umefungwa juu ya nguzo mbili au kati ya mwembe na mkorosho. Hakuna haja ya mifupa ya L 59.

NENO KWA WALIMU

Mwaka wa 2024, tarehe 4 Mei, kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu. Mvua ilivunja barabara kuu kati ya Lindi na Dar es Salaam, na magari yakakwama pande zote mbili. Kabla watu hawajapumua, tarehe 12 ya mwezi ule ule nyaya za chini ya bahari zikakatika, na intaneti ikadhoofika katika Tanzania na nchi za jirani. Mambo hayo mawili hayakuwa na asili moja, lakini yalitufundisha kwa pamoja. Tulidhani ya kuwa ukimya wa 1882 umekwisha kabisa. Umelala tu.

Redio ya ridhaa haihitaji barabara wala waya wa baharini. Betri ya gari, chombo kidogo, waya wa meta 10 na mtu ajuaye vyatosha. Neno gumu katika hayo ni la mwisho. Mtu ajuaye hapatikani siku ya mafuriko. Hupatikana kwa kuwa alijizoeza siku za raha, na hapana mazoezi mazuri kuliko kituo cha sikukuu. Humo kijana hujifunza kusikiliza kabla ya kusema, kusema kwa maneno machache, kuandika saa pasipo kukosea, na kumvumilia asiyesikika vema mpaka jina lake litimie. Mambo hayo hayo ndiyo yatakiwayo siku ya msiba.

Lakini tusijidanganye kwamba kazi hii ni mchezo usio na sheria. Kurusha mawimbi pasipo leseni ni kosa. Leseni na jina la mwito hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 2003, na mwenye kuomba sharti aonyeshe kwamba anaijua kazi yake. Basi wanaotaka kituo kwa sikukuu ijayo wasingoje mwezi wa sikukuu yenyewe. Waanze mapema, wamtafute mwenye leseni wa kuwafundisha, waandike maombi, wajenge waya, wafanye majaribio.

Na walio hawana fedha za chombo waanze kwa kusikiliza, kwa redio iwezayo kupokea mazungumzo ya namna hii. Msikilizaji naye ana heshima yake. Aweza kuandika jina alilolisikia, saa na nguvu ya sauti, akampelekea mwenye kituo kadi, naye akarudishiwa kadi. Darasa lenye ramani ya dunia ukutani, na uzi kutoka Nachingwea kwenda kila mji uliosikika, litajifunza jiografia ambayo halitaisahau. Hesabu, Kiingereza, elimu ya umeme na mwandiko mzuri vimo humo vyote.

Twarudi kwenye swali letu la kwanza. Mwaka wa 1882 tulilia, na kilio hakikufika. Mwaka wa 1917 tulisemwa, wala hatukusikia. Mwaka wa 1947 tulisikia, lakini maneno hayakuwa yetu. Zamu ya nne ni yetu wenyewe. Herufi zipo, 5H. Kipande kipo, KH99. Miti ya kufungia waya ipo tele Ruangwa na Nachingwea. Katika jubilei ijayo, baada ya kengele na ngoma, na aketi mtoto wa shule mbele ya chombo, mwalimu wake akiwa karibu, aite mara moja kwa sauti ya wazi, kisha anyamaze asikilize. Mtu fulani mbali, ambaye hajapata kulisikia jina la mji wetu, atalirudia polepole, herufi kwa herufi, akiuliza kama amelisikia sawasawa. Mtoto atamjibu ndiyo, naye ataliandika katika daftari lake.